Rovu si habari ya chumvi pekee: urithi, lishe na tezi ya thairoidi nchini Uganda

Mwanamke wa Uganda akivimba shingo, jibu la kwanza analopewa na majirani, na mara nyingi na mhudumu wa kituo cha afya pia, ni kwamba chakula chake kinakosa chumvi yenye madini joto, yaani iodini. Jibu hilo lilikuwa na msingi imara. Uchunguzi wa watoto wa shule uliofanywa mwaka 1991 ulikuta kwamba takriban watoto 74 kati ya kila 100 walikuwa na rovu, na katika milima ya Kigezi na Rwenzori, ambako mvua na mmomonyoko vimeyaosha madini joto katika udongo kwa karne nyingi, shingo iliyovimba ilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba wengi hawakuihesabu kuwa ugonjwa. Katika miaka ya 1990 serikali ikaifanya chumvi yenye madini joto kuwa sharti la sheria, na miaka ishirini baadaye karibu kila kaya nchini ilikuwa ikitumia chumvi ya aina hiyo. Hakuna hatua nyingi za afya ya jamii katika Afrika Mashariki zilizofika kwenye vyungu vya watu kwa upana na upesi wa namna hiyo.

Hata hivyo, watoto walipopimwa tena mwaka 1999, rovu lilikuwa limepungua kutoka 74 hadi takriban 60 kati ya 100, ilhali kiwango cha kati cha madini joto katika mkojo wao kilikuwa mikrogramu 310 kwa lita, yaani juu ya mikrogramu 300 ambazo Shirika la Afya Duniani huzihesabu kuwa mpaka wa kuingia katika ziada. Sehemu ya maelezo ni kwamba rovu la muda mrefu hunywea polepole, na sehemu nyingine ni mihogo, ambayo nitaigusa baadaye. Lakini takwimu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinatuonya kwamba shingo iliyovimba haiwezi tena kusomwa kwa kuitazama chumvi peke yake. Maoni yangu ni kwamba bado tunawatibu watu wazima wa leo, hasa wanawake, kwa fikra zilizotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mwaka 1991, na kwamba kundi moja la wagonjwa linapotea katika pengo hilo: wale ambao tezi yao ya thairoidi, iliyo shingoni, inashambuliwa na kinga ya mwili wao wenyewe.

Magonjwa hayo ni mawili makubwa. La kwanza lilielezwa mwaka 1912 na daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliyekuta tezi za wagonjwa wanne zimejaa chembe nyeupe za damu kana kwamba zimevamiwa. Katika ugonjwa huu, unaobeba jina lake, tezi huharibiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi hadi inashindwa kutengeneza homoni ya kutosha, na mgonjwa huanza kuchoka, kuhisi baridi wakati wengine wanatoka jasho, kunenepa bila kula zaidi, kufunga choo, na kupata hedhi nzito au kutoshika mimba. La pili lilielezwa mwaka 1835 na Robert Graves wa Dublin, na mwendo wake ni kinyume: kingamwili, yaani protini za kinga, hujibandika kwenye kipokezi ambacho kwa kawaida hupokea amri kutoka kwenye tezi ya pituitari, kisha huichochea thairoidi bila kikomo, moyo ukaenda mbio, mikono ikatetemeka, mwili ukakonda, na kwa baadhi ya wagonjwa macho yakatokeza. Shingo inaweza kuvimba katika yote mawili. Kwa macho na vidole tu, mhudumu hawezi kuwa na hakika kama rovu alilolishika limetokana na upungufu wa madini joto, na ugonjwa wa Hashimoto, na ugonjwa wa Graves, au na uvimbe wa aina nyingine kabisa.

Swali ambalo familia huuliza baada ya jina la ugonjwa kutajwa ni kama ni la ukoo au ni la chakula. Naona swali hilo limeelekezwa vibaya tangu mwanzo, kwa sababu linadhani kwamba jibu moja likithibitika lingine linafutika. Ushahidi bora tulio nao kuhusu urithi unatoka kwa pacha wa Denmark. Huko ilionekana kwamba pacha mmoja akiwa na ugonjwa wa Graves, mwenzake wa kufanana naye kabisa alikuwa nao katika takriban visa 35 kati ya 100, wakati kwa pacha wasiofanana idadi ilishuka hadi takriban 3. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuelezwa na chakula cha nyumba moja, kwa kuwa pacha wa aina zote mbili hulelewa kwenye meza moja. Lakini takwimu hiyo isomwe pia kutoka upande wa pili: pacha 65 kati ya 100 waliobeba vinasaba vile vile hawakuugua. Urithi unampa mtu uwezekano, kisha mambo mengine yanaamua kama uwezekano huo utageuka kuwa ugonjwa.

Vinasaba vinavyohusika navyo si kimoja. Baadhi ni vya kundi la HLA, ambalo huamua ni vipande gani vya protini vinavyoonyeshwa kwa askari wa kinga, na aina iitwayo HLA-DR3 imehusishwa na magonjwa haya mara nyingi kuliko nyingine, hasa Ulaya. Kuna CTLA-4, ambayo kazi yake ni kuituliza kinga inapokuwa imewaka, na ambayo ikiwa dhaifu huiacha kinga iendelee kushambulia baada ya kazi yake kwisha. Kuna PTPN22, nayo ni ya kudhibiti chembe za kinga. Halafu viko vinasaba vya tezi yenyewe, kama vile kinachotengeneza thairoglobulini, ile protini kubwa ambamo homoni huundwa, na kinachotengeneza kipokezi cha TSH, ile homoni ambayo pituitari huitumia kuiamuru thairoidi. Kila kimoja huongeza hatari kwa kiasi kidogo, na ndiyo maana ugonjwa huu haurithiwi kwa mpango ulionyooka kama selimundu, bali hujitokeza kwa shangazi, ukaruka dada wawili, kisha ukamshika binti wa dada wa tatu. Wanawake huugua mara kadhaa zaidi kuliko wanaume, na mwaka wa kwanza baada ya kujifungua ni kipindi cha hatari ya pekee, kwa sababu kinga iliyokuwa imetulizwa wakati wa mimba hurudi kwa nguvu. Katika nchi ambayo mwanamke, kwa hesabu ya utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, huzaa kwa wastani watoto watano, kipindi hicho hurudi tena na tena katika maisha ya mtu mmoja, na uchovu wake huelezwa kwa urahisi kuwa ni uchovu wa kulea.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wa Afrika wanastahili kulijua. Aina ya PTPN22 inayotajwa sana katika maandishi ya Ulaya na Marekani ni nadra mno kwa watu wenye asili ya Kiafrika. Maana yake ni kwamba kipimo cha vinasaba kinachouzwa kwa mtu wa Kampala kwa kutumia orodha iliyotengenezwa kwa Wazungu kinaweza kumtuliza bila sababu, au kumtia hofu bila sababu. Wala haifuati kwamba Waafrika wamekingwa. Mwaka 2014 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wanajeshi wa nchi hiyo, ambao walikuwa na huduma moja ya afya: wanawake weusi walipata ugonjwa wa Graves karibu mara mbili ya wanawake weupe, lakini ugonjwa wa Hashimoto waliupata kwa takriban theluthi moja tu ya kiwango cha wenzao. Siwezi kuyahamisha matokeo hayo moja kwa moja hadi Mbarara au Gulu, maana asili ya Wamarekani weusi kwa sehemu kubwa ni Afrika ya Magharibi na ya Kati, na chakula chao ni kingine. Yanatosha, hata hivyo, kuifuta dhana ya zamani kwamba kinga kujishambulia ni ugonjwa wa Wazungu.

Dhana hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1968 Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba magonjwa ya namna hii yalikuwa machache sana kwa wagonjwa waliolazwa huko, na akapendekeza kwamba maambukizi ya mara kwa mara ya vimelea, malaria ikiwemo, yanaishughulisha kinga kiasi cha kuizuia isijigeukie. Pendekezo hilo limezaa utafiti mwingi wa maana. Kwa nchi kama Uganda, ambako malaria bado ipo vijijini lakini maisha ya mjini yanazidi kubadilika, linapaswa kutufanya tutazamie ongezeko, si kutufanya tupumzike. Na ugonjwa usiopimwa huonekana mchache siku zote.

Tukija kwenye lishe, madini joto ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko vyote, na ndiyo yanayoeleweka vibaya kuliko vyote. Wengi hudhani kwamba kama upungufu ni mbaya, basi kadiri yanavyoongezeka ndivyo tezi inavyopona. Ukweli ni kwamba hatari iko pande zote mbili. Watafiti wa China waliofuatilia jamii tatu kwa miaka mitano, na kuchapisha matokeo mwaka 2006, walikuta kwamba shambulio la kinga dhidi ya tezi lilijitokeza kwa watu 0.2 kati ya 100 pale ambapo madini joto yalikuwa pungufu kidogo, 1.0 pale yalipozidi kidogo kiasi cha kutosha, na 1.3 pale yalipokuwa ya ziada. Denmark ilipoifanya chumvi ya madini joto kuwa lazima mwaka 2000, kingamwili dhidi ya kimeng'enya kikuu cha tezi zilipanda katika miaka michache iliyofuata, kutoka takriban watu 14 hadi takriban 24 kati ya 100. Sababu zinazotajwa ni mbili: thairoglobulini iliyobeba madini joto mengi huonekana kwa urahisi zaidi na kinga, na utengenezaji wa homoni kwa kasi huzalisha sumu za oksijeni zinazojeruhi seli za tezi na kuwaita askari wa kinga mahali ambapo hawakuwa na kazi.

Je, basi chumvi yetu iondolewe madini joto? Nasema hapana, na nalisema bila kusita. Upungufu mkali wa madini joto kwa mama mjamzito huiharibu akili ya mtoto kwa namna isiyorudishwa, na hilo halina tiba baada ya kuzaliwa na kukua. Ugonjwa wa Hashimoto, kinyume chake, hutibiwa kwa kidonge kimoja cha bei nafuu kwa siku. Anayeipima faida na hasara kwa haki ataibakisha chumvi hiyo mezani. Kinachotakiwa ni kuidhibiti: kuipima kiwandani na mpakani ili madini joto yasipungue wala yasizidi kiwango cha sheria, na kuupima mkojo wa watoto na wa wajawazito kila baada ya miaka michache. Majirani zetu wa Kivu, mashariki mwa Kongo, na Wazimbabwe, walijifunza katika miaka ya 1990 kwamba chumvi yenye madini joto ikiingia kwa wingi na kwa ghafla mahali palipokuwa na ukame mrefu wa madini hayo, baadhi ya watu wazima wenye rovu la vinundu hupata homoni ya kupita kiasi na mioyo yao hudhurika. Tatizo lile kwa sehemu kubwa lilikuwa la vinundu vilivyojitenga na amri ya mwili na si la kinga kujishambulia, na tofauti hiyo ni muhimu, lakini somo la udhibiti ni moja. Upande wa pili wa suala hili ni chumvi ya mawe inayochimbwa Ziwa Katwe, huko Kasese, ambayo haiongezewi madini joto na ambayo bado huingia katika baadhi ya vyungu. Familia inayoitegemea iko katika hatari ya aina nyingine, na si haki kuwapa ushauri mmoja watu wa hali mbili zinazopingana.

Ninalolipinga waziwazi ni biashara ya matone ya iodini na vidonge vya mwani wa baharini vinavyotangazwa kwenye simu kuwa ni dawa ya shingo. Kipimo kimoja cha mwani kinaweza kubeba madini joto mara nyingi kupita mikrogramu 150 anazohitaji mtu mzima kwa siku. Mwenye Hashimoto ambayo haijajulikana, akimeza vitu hivyo, anaweza kuisukuma tezi iliyokuwa bado inajikongoja hadi isimame kabisa.

Seleniamu ni madini mengine yenye hadithi nzito. Tezi ya thairoidi ina seleniamu nyingi kwa kila gramu kuliko kiungo kingine chochote mwilini, kwa kuwa vimeng'enya vinavyoizima sumu ya oksijeni ndani yake, na vile vinavyoigeuza homoni iliyolala kuwa homoni inayofanya kazi, vyote huihitaji. Katika majaribio kadhaa vidonge vya seleniamu vimepunguza kingamwili kwenye damu ya wagonjwa wa Hashimoto, na jaribio la Ulaya lililochapishwa mwaka 2011 lilionyesha nafuu kwa wenye ugonjwa mwepesi wa macho unaotokana na Graves. Lakini kingamwili kupungua kwenye karatasi ya maabara si sawa na mgonjwa kupona, na haijaonyeshwa kwamba vidonge hivyo humwondolea mtu wa Hashimoto haja ya homoni. Kwa eneo letu onyo ni kali zaidi. Kaskazini mwa Zaire ya wakati huo, yaani Kongo ya leo, mahali palipokosa madini joto na seleniamu kwa pamoja, watafiti waliwapa seleniamu peke yake watu ambao tezi zao zilikuwa tayari dhaifu, na homoni zao zikashuka zaidi. Walichapisha matokeo hayo mwaka 1991 wakionya dhidi ya kugawa seleniamu kiholela. Nawasihi wanaouza virutubisho mjini Kampala wausome msimamo huo kwa makini. Mtu asiye na upungufu uliopimwa atapata seleniamu ya kutosha kwa usalama zaidi kwenye mukene (dagaa), samaki wengine wa ziwani, na mayai.

Mihogo inahitaji maneno machache tu. Sumu yake ya asili ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa thaiosayanati, ambayo huyazuia madini joto kuingia kwenye tezi, na tafiti zilizofanywa kwenye kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu zilionyesha kwamba rovu lilitofautiana sana kati ya sehemu mbili za kisiwa kimoja ingawa upungufu wa madini joto ulikuwa ule ule. Jambo hilo ni la tezi kunyimwa malighafi, si la kinga kujishambulia. Kuloweka, kuchachusha na kuanika vizuri hupunguza sumu hiyo sana, na mtu anayetumia chumvi yenye madini joto hana sababu ya kuacha mihogo. Vivyo hivyo kabichi iliyopikwa. Kuhusu ngano, ushauri wa kuacha chapati unatokana na ukweli mmoja uliopanuliwa kupita mipaka yake: ugonjwa wa siliaki, ambapo protini ya ngano huuchochea mwili kuushambulia utumbo, hushiriki baadhi ya vinasaba vya HLA na magonjwa ya thairoidi, na mwenye siliaki ni lazima aache ngano. Kwa asiyekuwa nayo, ambaye chakula chake kikuu ni matoke, posho na viazi, kuacha chapati hakujathibitishwa kuiponya tezi.

Madini ya chuma yananihangaisha zaidi, kwa sababu yanatajwa kidogo mno. Kimeng'enya kinachoyaunganisha madini joto na protini ili homoni ipatikane, kile kile ambacho kingamwili za Hashimoto hukilenga, hakiwezi kufanya kazi bila chuma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikuta upungufu wa damu kwa wanawake 32 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Si wote waliokosa chuma, kwani malaria na minyoo nao wamo, lakini wengi wamekikosa, na tezi yao hufanya kazi kwa shida hata kama chumvi yao ni nzuri. Uchovu, ngozi kupauka na hedhi nzito ni dalili za hali zote mbili, na hali moja huizidisha nyingine: homoni ikipungua hedhi huwa nzito, na hedhi nzito huondoa chuma.

Kwa hiyo mahali pa kuanzia ni kliniki ya wajawazito, ambako wanawake wengi wa nchi hii hufika angalau mara moja. Mkunga anaweza kuuliza kama mama, dada, shangazi au bibi aliwahi kuwa na rovu, macho yaliyotokeza, au kisukari kilichoanza utotoni, maswali ambayo hayagharimu chochote na yanayotumia urithi kama dira. Anayejibu ndiyo, au aliyewahi kuharibikiwa na mimba mara kwa mara, apimwe TSH, na pale inapowezekana kingamwili, kabla ya kuambiwa aongeze chumvi. Aliyekwisha kuanzishiwa levothairoksini, kile kidonge cha homoni ya tezi, kwa kawaida huhitaji kipimo kiongezwe mapema katika mimba, na mtoto hawezi kusubiri hadi ziara ya tatu ndipo hilo lifanyike. Na kwa kuwa kliniki hiyo hiyo humpa mama vidonge vya chuma, aambiwe kwa lugha anayoielewa kwamba chuma huikamata levothairoksini tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu: ameze ile ya tezi alfajiri kwa maji matupu, na cha chuma akiache hadi muda wa saa nne au zaidi upite.